Saa Sita kwa Hobart

Siku ya pili ya safari nilitawazwa kuwa Askofu wa Saskatoon, na aliyenitawaza alikuwa mkaanga baga.

Ibada yenyewe haikuwa ndefu. Kwa Hobart, mkahawa wa baga, popote Hobart alipo, ukifika dirishani unataja jina lako na mji unakotoka. Baga ikiwa tayari, mhudumu anakutangaza kwa sauti kubwa, na wenzake wote jikoni wanaitikia kwa pamoja, "Karibu nyumbani." Ndiyo sheria ya kampuni, na imeandikwa ukutani chini ya picha ya Hobart mwenyewe, mzee mnene aliyeshika mwiko wa chuma. Nchi kavu, kwenye Hobart za kando ya barabara kuu, wanaoitikia ni wanafunzi wa kazi za jioni, na wanasema "karibu nyumbani" kama mtu anayesoma namba ya gari. Hobart ya melini, sitaha ya kumi na moja karibu na bwawa, iliitikia kwa moyo. Wote mle jikoni walikuwa hawajafika makwao kwa miezi mingi, na nadhani walikuwa wanajizoeza.

"Jina?" aliniuliza kijana wa dirishani. Kibandiko kifuani mwake kilisema Rodelio, na chini yake Ufilipino, maana melini kila mfanyakazi huvaa nchi yake kifuani.

"Askofu Thaddeus."

"Wa wapi?"

"Saskatoon."

Alinitazama vizuri. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nywele nyekundu, kaptura ya kuogelea, na tone la haradali la siku iliyotangulia kwenye fulana. Akaandika. Baada ya muda akatoka na sinia, akavuta pumzi, akanguruma: "Mhashamu Askofu Thaddeus wa Saskatoon, baga moja bila achari."

"Karibu nyumbani," jikoni wakaitikia, na mwanamke mmoja kwenye foleni akafanya ishara ya msalaba.

Tangu hapo sikuwa na jina jingine sitaha ile. Jina langu la kawaida ni Fergus Lachance, lakini hakuna aliyeliulizia.

Nilikuwa na shughuli rasmi kwenye meli ile, na ni vyema niitaje sasa. Nilitaka kumwomba baba nikaishi naye.

Nimekaa bwenini tangu nikiwa mdogo, Shule ya Mtakatifu Aldhelm, Vermont, mahali ambapo supu na maji ya kudekia hutofautishwa kwa chombo. Mama anafanya kazi kwenye visima vya mafuta Alberta, na siku asizokuwa kazini anakuwa usingizini. Baba alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, na anwani yake ilikuwa lori. Hakuna aliyenitupa. Hapakuwa tu na nyumba ya kuniweka. Wakati wa likizo nilikaa kwa bibi huko Erie, na siku za Ijumaa baba akipita na mzigo tulikutana kwenye Hobart ya njia ya kutokea barabara kuu. Aliegesha lori nyuma, akaingia akinuka dizeli, akaniagizia baga bila achari kabla sijafungua mdomo. Tulikula, tukacheka watu wa meza nyingine, kisha akatazama saa, na hapo ikawa imekwisha.

Lakini mwaka ule baba aliacha barabara, akamwoa Noreen, akahamia Duluth kwenye nyumba yenye ngazi, kisanduku cha barua, na mti. Niliona picha yake. Niliitazama muda mrefu zaidi ya ninavyotazama picha za nyumba kwa kawaida. Ghorofani kulikuwa na dirisha moja dogo chini ya paa, pazia limefungwa, na nilishaanza kulifungua kichwani.

Kwa hiyo swali langu lilikuwa fupi: naweza kuja kukaa kwako? Shule ilitaka kujua kabla ya Pasaka nani anarudi mwaka ujao na nani harudi. Safari hii ya likizo ya masika ndiyo ilikuwa nafasi yangu, na niliamini kabisa kwamba swali kama lile haliulizwi kwa simu.

Tatizo lilikuwa kumpata baba peke yake. Nimeshawahi kumtoa mwalimu mkuu ofisini kwake kwa kutumia mbuzi wa jirani, lakini baba melini alinishinda. Asubuhi alikuwa bwawani na mapacha wa Noreen, Odette na Pippa, waliokuwa na miaka sita na kelele za watu kumi. Mchana alikuwa na Noreen kwenye mchezo wa namba. Jioni tulikula ukumbi mkubwa, ambako unapewa meza ileile na watu walewale hadi safari iishe, utake usitake. Sisi tulipewa Bwana na Bibi Brubaker wa Tulsa, waliokuwa wanasherehekea miaka arobaini ya ndoa na walikuwa tayari kuisimulia mwaka mmoja mmoja.

Nilijaribu, mara moja.

"Baba, nina jambo."

"Sema, bwana."

"Fergus ana jambo," Bwana Brubaker akamwambia mkewe.

"Ana nini?"

"Jambo."

"Maskini," Bibi Brubaker akasema. "Daktari wa meli yuko sitaha ya chini. Mwambie aende kabla hawajafunga."

"Fergus," Odette akadakia, "fanya tena ile ya kijiko kuning'inia puani."

"Usimfundishe," Noreen akasema. "Jana kafanya na uma." Kisha akaniinamia. "Umepaka mafuta ya jua leo, mpenzi? Shingo yako imeiva."

Noreen ni mtu mwema, na hilo ndilo lililonivuruga zaidi. Ukiwa na adui unajua pa kuanzia. Noreen alikuwa ananikatia tikiti maji.

Nikafanya kijiko puani. Mapacha wakacheka, baba akacheka, Bibi Brubaker akasema kweli nionwe na daktari. Jambo langu likabaki chini ya kitambaa cha meza, na kuanzia siku iliyofuata nikahamia kwa Hobart kwa milo yote.

"Mhashamu hana kondoo?" Rodelio aliniuliza siku ya tatu, akiifuta meza ambayo tayari ilikuwa safi.

"Kondoo wangu wako kwenye mitelezo ya maji bwawani."

"Wewe huogelei?"

"Cheo hakiruhusu."

"Mimi nina mwanangu, ana miaka minne. Nikimpigia simu anakimbia kumwonyesha bibi yake simu. Haongei na mimi. Anaionyesha tu simu." Akakunja kitambaa. "Ongeza chipsi, Mhashamu. Ni bure."

Nilizunguka. Watu wa safari hizi wana desturi ya kuficha bata wadogo wa plastiki kila mahali ili wengine wawaokote. Nikawakusanya wote niliowaona nikawapanga kwa mstari mbele ya choo cha wanaume, kama wanaosubiri zamu. Nilihamisha mapambo ambayo watu hubandika milangoni, korido nzima, kutoka mlango hadi mlango, mpaka Bwana Brubaker akaingia kwenye chumba cha familia kutoka Guatemala na akakaribishwa kahawa. Kazi safi. Hapakuwa na mtu wa kumsimulia. Bwenini ukifanya jambo kama hilo, kabla ya kengele ya chakula limeshaongezewa chumvi na watu arobaini. Melini nililifanya, nikasimama pembeni, nikacheka kwa sauti ya kadiri, kisha nikapanda lifti.

Siku moja kabla ya bandari ya Cozumel nilimnasa baba kwenye lifti hiyohiyo. Alikuwa amebeba mataulo manne na boya lenye kichwa cha farasi.

"Kesho mchana," nikamwambia. "Hobart. Mimi na wewe tu."

"Kesho tunafika Cozumel, kijana. Noreen anataka kuwapeleka watoto ufukweni."

"Waende."

Alinitazama juu ya kichwa cha farasi. Baba ana macho ya mtu aliyezoea kutazama mbali. Akikutazama karibu unahisi anatafuta umbali.

"Kuna shida?"

"Hakuna. Baga tu. Kama zamani."

"Haya. Nawasindikiza mpaka kwenye teksi, narudi. Saa sita?"

"Saa sita."

"Bila achari," akasema, na milango ikafunguka, na farasi akatangulia kutoka.

Sikufanya mzaha wowote siku ile iliyobaki. Nilikaa chumbani kwangu, chumba cha ndani kisicho na dirisha, nikajifunza hotuba yangu mbele ya kioo. Ya kwanza ilikuwa na sehemu tatu na utangulizi. Nikaipunguza. Mwishowe ikabaki ahadi moja kwamba nitaosha vyombo, na swali.

Siku ya bandari meli huwa tupu. Watu wote hushuka mara daraja likishawekwa, kama maji kwenye sinki, na wanaobaki ni wazee wanaosoma vitabu vinene na wafanyakazi wanaopumua kwa mara ya kwanza. Muziki bwawani uliendelea kupigiwa viti vitupu. Nilifika kwa Hobart mapema, nikachukua meza ya pembeni inayotazama gati, nikaagiza masinia mawili: langu bila achari, na la baba, nyama mbili, vitunguu vingi, bila jibini.

"Mawili?" Rodelio akasema. "Mhashamu ana mgeni?"

"Ana mgeni."

"Mkubwa?"

"Mkubwa kuliko mimi."

"Papa mwenyewe." Akageukia jikoni. "Jamani, futeni hapo mbele, Papa anakuja."

Saa ya ukutani ilipofika sita, nilinyoosha mgongo. Huo ulikuwa ujinga wangu wa kwanza. Mgongo hauwezi kukaa hivyo muda mrefu. Niliwatazama watu wakitembea gatini, wadogo, wenye kofia. Kila mrefu alikuwa baba kwa hatua chache, kisha akawa mtu mwingine. Chipsi zilianza kulegea. Mwanamke mwenye sinia akaja akashika kiti cha mbele yangu.

"Kuna mtu hapa?"

"Yupo."

Akatazama kiti. Akatazama sinia lililojaa. "Ameenda msalani?"

"Yuko njiani."

"Basi akija nitahama," akasema, na kukaa. Alikula haraka, akaniambia binti yake alimlipia safari hii lakini hakuweza kuja, akaniuliza nasoma darasa la ngapi, na alipoondoka mgeni wangu alikuwa bado yuko njiani.

Rodelio alipita mara mbili. Mara ya tatu akasimama. "Foleni ya kurudi melini ni mbaya siku kama ya leo. Wanakagua mifuko."

"Ameitwa Roma," nikasema. "Mambo ya dharura."

"Nilifunike lisipoe?"

"Limeshapoa."

Nilisubiri mpaka mshale mrefu ukakaribia kumaliza mzunguko wake, kisha nikasimama, nikabeba masinia yote mawili nikayamwaga kwenye pipa, kwa utaratibu, kama tunavyofundishwa bwenini. Sikulia, kwa taarifa ya wanaopenda kujua. Nilisikia tu uzito fulani mahali ambapo baga ilitakiwa kuwa.

Nilishuka kwa ngazi. Korido za meli tupu zina mazulia yanayomeza hatua, na taa zilezile mchana na usiku, na milango inayofanana mpaka mwisho wa macho. Ndiyo maana watu hubandika mapambo ya sumaku, ili wajue kwao ni wapi. Kwenye mlango wa baba, sitaha ya nane, Noreen alikuwa amebandika ndege wa barafu, wale weusi wenye matumbo meupe wasioruka. Mkubwa mwenye tai, mwingine mwenye kofia, na wadogo wawili walioshikana mabawa.

Nilisimama pale. Mpango ulikuja wenyewe, maana huwa unakuja: kuwahamisha ndege wote mpaka upande wa pili wa meli, au kumgeuza mkubwa mwenye tai kichwa chini. Nilimshika hata bawa. Kisha nikafikiri, pengine wanauzwa wanne wanne. Pengine hapakuwa na pakiti ya watano. Nikamwachia. Kwa mara ya kwanza katika kazi yangu niliuacha mlango kama nilivyoukuta.

Nilikaa kwenye ngazi ya dharura muda mrefu. Mfanyakazi mmoja wa vyumba alipita na rundo la mataulo, akaniuliza kama nimepotea, nikasema hapana, akasema watu wengi hupotea sitaha ya nane. Baadaye njaa ikaniamsha. Ningeweza kwenda ukumbi wa chakula, au kwenye piza, au kwenye ule mkahawa wa Kimeksiko wa bandia karibu na kasino. Miguu ikanipeleka juu kwa Hobart, maana ndiko inakojua.

Rodelio aliniona kabla sijafika dirishani, akaacha kazi yake.

"Mhashamu, ulikuwa wapi?"

"Ziara ya kichungaji."

"Mgeni wako amekuja." Alishusha sauti. "Amekaa karibu saa nzima. Kaja anauliza kijana anaitwa Fergus Lachance. Nikamwambia, bwana, hapa nawajua wote wanaokula kila siku, hakuna Fergus. Akasema, hakuna? Nikasema hakuna, wala hajawahi kuja. Akasimama tu hapo. Halafu akasema, mrefu, kichwa chekundu, mdomo haufungi. Nikasema, aa, huyo ni Askofu wetu, katoka hapa sasa hivi."

"Akasema nini?"

"Kasema, ndiye huyohuyo."

Nilitazama. Baba alikuwa kwenye meza ileile ya pembeni, mgongo wake mpana ukinielekea, na mbele yake masinia mawili hayajaguswa. Alikuwa amekaa kwa namna ya ajabu, mabega yamenyooka, mikono mezani, kama mtu anayepigwa picha. Mara kwa mara aligeuza kichwa taratibu, akatazama nyuma ya mnara wa chupa za tomato sosi, akarudisha kichwa.

Nikaenda nikakaa mbele yake.

"Umeshinda," akasema. "Ulikuwa umejificha wapi?"

"Sikujificha."

"Fergus. Nimekaa hapa kama sanamu. Nimemsalimia mpaka mzee anayegawa taulo nikidhani ni wewe."

"Nilikuwa hapa saa sita," nikasema. "Nilikaa hapa karibu saa nzima. Na masinia mawili. Wewe hukuja."

"Mimi nilikuwa hapa saa sita juu ya alama. Tazama." Akaitoa simu yake, akaisukuma mezani. Nikaitazama simu, kisha nikaitazama saa ya ukutani, nyuma yake, chini ya mzee Hobart. Baba naye akageuka. Hizo saa mbili hazikuwa zinazungumza.

Kila bandari nahodha hutangaza asubuhi kwamba saa ya meli ndiyo saa, msifuate ya nchi kavu. Hutangaza baada ya kueleza upepo, mawimbi na joto la maji, na kufikia hapo hakuna anayesikiliza. Simu yangu ilikuwa imefungwa mtandao tangu Florida, kwa amri ya baba mwenyewe. Ya baba, mara aliposhuka na Noreen, ilikamata mnara wa Cozumel na kurudi nyuma saa moja, na baba akaitii. Miaka yote ya lori alifuata kanuni moja: saa ni ya pale ulipo. Ukifika Denver unafuata Denver, maana mwenye ghala hajali umetoka wapi. Hakuna abiria aliyekuwa makini kuliko yeye melini, na ndiyo maana alichelewa.

"Basi kumbe," akasema. Akajisugua uso kwa viganja vyote viwili. "Kumbe ulikuwa hapa."

"Nilikuwa hapa."

"Na mimi nikajua unaniangalia kutoka mahali fulani. Nikasema, ngoja nisimharibie mchezo wake."

Hilo ndilo lililokaa kifuani mwangu. Hakudhani kwamba nimekasirika. Hakudhani kwamba nimemsahau. Alidhani niko karibu, nacheka, na alikaa pale saa nzima peke yake akiniigizia kazi ya mtu asiyejua anatazamwa.

"Baba," nikasema. Hotuba yote ilikuwa imeondoka, pamoja na vyombo. "Naweza kuja kukaa Duluth? Siyo likizo. Kukaa."

Alichukua chipsi moja baridi, akaiweka chini. Jikoni wakamtangaza mtu, Bi Yolanda wa Shreveport, wakamkaribisha nyumbani.

"Ulitaka kuniuliza hili tangu lini?"

"Tangu picha ya nyumba."

"Ile nyumba ni ya Noreen."

"Najua."

"Hujui, bwana. Sikiliza." Aliinamisha kichwa, akaongea na meza. "Ni ya Noreen, na kabla yake ya mama yake. Kuna kabati langu moja. Sahani wanajua zinakaa wapi, mimi nafungua milango yote minne kutafuta bilauri. Kuna siku nashuka, nakaa kwenye gari pale nje, injini imezimwa. Noreen anadhani natafuta kitu kwenye gari. Mimi najifunza kukaa ndani ya nyumba, na nimezeeka kwa somo hilo. Nikikuleta sasa, nitakuwa nimeleta mgeni, na mimi mwenyewe ni mgeni."

"Lile dirisha la juu?"

"Lipi?"

"Dogo. Chini ya paa."

Alifikiri. "Hakuna chumba pale. Ni dari. Kuna mapambo ya Krismasi."

"Naweza kulala na mapambo ya Krismasi. Bwenini nimelala chumba kimoja na Wisniewski miaka mitatu, na yeye anakoroma."

Alicheka, na nikaona jinsi alivyotamani tubaki hapohapo kwenye kicheko, sote wawili, mpaka meli iondoke. Mimi pia. Lakini nilikuwa nimeshauliza.

"Kwa hiyo hapana," nikasema.

"Mwaka huu hapana."

"Na mwaka ujao?"

"Sitaki kukudanganya, Fergus."

Nikainamisha kichwa kwa uzito unaostahili cheo changu. "Ombi limepokelewa na kusikilizwa. Mwombaji anashukuru baraza."

"Usifanye hivyo."

"Nifanye nini?"

"Sijui," akasema. "Usifanye hivyo tu, dakika moja."

Basi sikufanya. Ilikuwa kazi ngumu. Sikujua mikono yangu inakaa wapi. Tulikula baga zile baridi. Alikuwa ameniagizia bila achari. Alinisimulia kuhusu daraja fulani Montana ambalo lori lake liliwahi kukwama na kulungu wakapita pembeni wakimtazama, na mimi nikamsimulia kuhusu Bwana Brubaker na kahawa ya Waguatemala, na hatimaye kuna mtu aliyesikia, na alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha simu yake ikatikisika mezani.

"Wamerudi. Wako kwenye teksi, na Pippa amekanyagwa na kaa, au amemkanyaga kaa, sielewi." Akasimama. Akabaki amesimama, mkono kwenye kiti. "Twende tukawapokee."

"Nitawaona kutoka hapa."

"Una hakika?"

"Kuna upepo mzuri."

Aliweka kiganja juu ya kichwa changu, kizito, kama anavyojaribu joto la injini, akakiacha hapo kidogo. "Jioni, mezani," akasema. "Usilete kijiko."

"Sitaleta."

Rodelio alikuja kuchukua masinia. Alitazama baga yangu iliyokwisha nusu, akanitazama mimi, na sijui alisoma nini.

"Ni baba yako?"

"Ndiyo."

"Mnafanana mnavyokaa," akasema, akaenda zake, maana foleni ilikuwa imeanza.

Nilisogea kwenye ukingo. Gati lilikuwa chini kabisa, jeupe kwa jua, na watu walikuwa wanarudi kwa makundi wakibeba kofia mpya. Baada ya muda nikamwona baba ametoka tumboni mwa meli, akatembea kinyume na kila mtu mpaka kwenye teksi. Mlango ukafunguka. Mapacha wakamparamia, mmoja mguuni, mmoja kiunoni. Noreen akampa begi, akampa boya, akampa kiatu kimoja cha mtoto. Alivipokea vyote. Alionekana kama mtu anayejua anachofanya, kutoka juu.

Kisha akageuka akaitazama meli. Lazima alikuwa anawaambia wanitafute, kwa sababu mapacha nao waliinua nyuso, na Noreen akaweka mkono juu ya macho. Meli ile ina madirisha na vibaraza zaidi ya mtaa mzima wa Erie. Baba alipitisha macho, safu kwa safu, kisha akainua mkono mmoja wenye kiatu akapunga, kwa nguvu, kuelekea mahali fulani sitaha ya nane, chini yangu na mbali sana upande wa mbele.

Niliinua mkono wangu, nikampungia mpaka wakaingia ndani.